Umeombwa ukae utiwe hina upigwe picha: mambo ya kutarajia

Mchoraji hina wa Unguja siku hizi hauzi kwa maneno, anauza kwa picha. Anayeanza kazi anahitaji mikono na miguu ya kuonyesha kwenye simu yake. Aliyebobea naye anataka maua mapya kila msimu, maana bibi harusi wa leo haji akasema "nitie upendavyo". Anakuja na picha zake alizozihifadhi. Hoteli za Nungwi na Paje nazo hutafuta picha za harusi za Kizanzibari kwa matangazo. Ndivyo msichana ambaye hajawahi kufikiria mambo ya umodo anavyojikuta akiambiwa, "Njoo nikutie hina bure, mimi nataka picha tu."

Kazi yenyewe ni kukaa. Lakini ni kukaa muda mrefu, na kinachowekwa mwilini mwako hakiondoki siku ile ile. Kule Austria kuna tamasha la kuchora miili lililoanza mwaka 1998, ambako mtu hupakwa rangi ya maji toka utosini hadi nyayoni, akioga imekwisha. Hina haiishi kwa koga moja. Ukitiwa Ijumaa, wiki ya pili bado unatembea nayo kazini, sokoni na hata msibani. Kwa hiyo mengi ya kuangalia ni ya kabla hujakaa.

Kwanza: maliza maneno mapema

Usiitikie kwa kichwa tu. Uliza, na majibu yaje kwa ujumbe wa simu ili yabaki.

La kwanza ni sura. Picha za hina hazihitaji uso wako; mikono, miguu na kipande cha kanga vinatosha. Kama hutaki sura ionekane, sema mapema na sema wazi: si uso, si shingo, na kama una kovu au pete ambayo kila jirani anaijua, hiyo pia. Mji wetu ni mdogo. Kuna mabinti ambao sura zao hazikutokea popote lakini shangazi aliwajua kwa vidole.

La pili ni picha zinakwenda wapi. Ukurasa wa mchoraji ni jambo moja, bango la hoteli ni jambo jingine, na kuuziwa mtu wa tatu ni la tatu. Bei ya kila moja si sawa. Mchoraji anayeanza akikupa hina ya bure na nakala za picha, ni haki, mmenufaika nyote. Lakini hoteli au duka likitaka mikono yako kwa tangazo, hapo ni kazi, na kazi ina malipo, nauli na chakula. Usione haya kuyataja. Ukiambiwa "tutaelewana baadaye", elewaneni sasa.

Kisha uliza nani atakuwemo chumbani na nani atashika kamera. Hina ya mikono na miguu haina shida, ila mchoro ukipanda juu ya goti au mabegani, mpiga picha awe mwanamke, mlango ufungwe, na simu za watoto wa nyumbani zikae mbali. Nenda na mtu wako: dada, rafiki, somo wako akiwapo. Hata kama humhofu mtu yeyote, mtu huyo utamhitaji kwa sababu ambazo utaziona chini.

Aliye chini ya miaka 18 asikae bila mzazi kujua. Na mwanafunzi aulize shuleni kwanza, kwani baadhi ya shule hazitaki mwanafunzi mwenye hina, na hina haifutiki Jumatatu asubuhi kwa kuogopa mwalimu.

Pili: jua kilichomo bakulini

Hapa ndipo ningekuomba usisome haraka.

Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa, yakatwangwa na kuchekechwa hadi yakawa unga laini. Unga huo huchanganywa na maji ya ndimu, sukari kidogo ili ishike ngozi isipukutike mapema, na mafuta makali kama ya mkaratusi ili rangi ikolee. Wapo wanaotia mafuta ya karafuu, na kwetu hayako mbali, yanatengenezwa Pemba kutokana na makonyo. Mafuta hayo hukoleza kweli, lakini yakizidi huchoma ngozi laini, khasa ya ndani ya mkono. Bakuli hufunikwa likaachwa saa kadhaa, hina ikajazwa kwenye koni ya karatasi ya nailoni yenye tundu dogo kama la sindano.

Rangi yake huanza machungwa, ikaiva kuwa nyekundu ya udongo, mwisho kahawia. Haifiki nyeusi, na haina haraka. Kwa hiyo ukiona "hina nyeusi" inayotoa weusi mkavu ndani ya nusu saa, ujue si hina. Ni piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, au ni hina iliyotiwa kile kile kinachotiwa kwenye piko.

Nalisema hili nikijua nazungumza na watu wa Zanzibar. Maua mekundu ya hina bila mistari myeusi ya piko kuyazunguka, wengi wetu twaona kama bibi harusi hakumalizwa kupambwa. Uzuri wa piko sibishi. Tatizo ni unga wake: ni rangi ya nywele ya dukani, na weusi wake unatokana na kemikali inayoandikwa PPD kwenye boksi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiwekea kikomo cha asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa kichwani, na haziruhusu ichorwe kwenye ngozi. Mwaka 2006 jumuiya ya Kimarekani ya madaktari wa mzio wa ngozi iliitaja kuwa kichochezi cha mzio cha mwaka. Aliyeikoroga kwa kukisia kwenye kifuniko cha chupa hajui ametia asilimia ngapi, naye hatakwambia.

Ubaya wa PPD ni kwamba haikuonyi. Mtu hutiwa piko harusi hii, akatiwa harusi ile, hapati hata muwasho. Mwili unakuwa unaisoma tu. Siku moja ukikataa, malengelenge hutokea yakifuata mistari ya ua, jani kwa jani, hata asiyejua kusoma ugonjwa akauona mchoro. Na mwili ukishakataa haurudi nyuma: rangi ya nywele nyeusi nayo unakuwa umeiaga, na baadhi ya dawa za ganzi na rangi za nguo huweza kukusumbua.

Uliza basi, kwa adabu: "Dada, piko yako umechanganya nini?" Mwenye kazi yake atakuonyesha boksi. Jibu la "ni piko tu, ya Darajani" si jibu. Darajani ni soko. Omba akubonyezee hina kidogo kwenye karatasi uinuse. Hina nzuri inanuka majani makavu na mafuta ya miti. Ikinuka petroli, mafuta ya taa au tina, hapo kuna mtu anatafuta weusi wa njia ya mkato, nawe shukuru uondoke.

Kwa picha kuna njia rahisi ambayo nashangaa haitumiki zaidi. Hina itiwe kama kawaida, na siku ya kupiga picha mistari myeusi ichorwe kwa wanja wa maji usiotoka kwa jasho. Kwenye kamera hakuna atakayetofautisha. Jioni unaufuta, maua mekundu yanabaki. Kama mchoraji anang'ang'ania piko halisi wakati anachotaka ni picha tu, jua anafikiria kazi yake na si ngozi yako.

Neno juu ya ile inayoitwa hina nyeupe na ya dhahabu: hiyo si hina hata kidogo. Ni rangi ya kupaka juu, mara nyingi ina gundi. Haiingii ngozini, inakaa kama ganda, hivyo inazuia maji ya udhu hadi uibandue. Hina ya kweli ikishabanduka na kubaki rangi haizuii.

Unataka kujaribu kabla? Hina ya kawaida itiwe tone ndani ya kiwiko, uangalie siku mbili. Piko usiijaribu hivyo kwa kujiaminisha, maana tone lenyewe linatosha kuuzoesha mwili kukataa. Na mwenye upungufu wa G6PD katika damu, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, jambo lisilo geni katika nchi za malaria kama yetu, hina halisi nayo imewahi kuwavunja watu wa aina yake chembe nyekundu za damu, watoto wachanga zaidi. Kwa hiyo hata mtu akisema "na mtoto tumtie kidogo tu, apendeze kwenye picha", kataa.

Tatu: siku mbili kabla

Kama unafanya singo, ule msuguo wa mwili kwa viungo vya kunukia, au unanyoa malaika ya mikononi na miguuni, fanya sasa. Singo inatoa ngozi iliyokufa, na hina inashika ngozi ya juu. Ukisugua baada ya kutiwa utakuwa unaibandua kazi ya mwenzio. Kunyoa siku ile ile nako si kuzuri, vijidonda visivyoonekana huwashwa na ndimu. Siku yenyewe oga, usipake mafuta wala losheni.

Kucha amua mapema. Hina ikiingia kwenye kucha haichujuki, inasubiri kucha ikue, na hiyo ni miezi. Hutaki? Paka rangi ya kucha isiyo na rangi kabla hujakaa.

Nne: vaa na chukua

Dera pana lenye mikono inayokunjika hadi juu ya kiwiko. Ndani, kitu kinachopanda hadi gotini bila kukufedhehesha. Kanga kuukuu ya kujifunika mapajani, maana koni hudondoka, na doa la hina kwenye nguo halina dawa. Mrija wa kunywea. Simu yenye chaji, mkononi mwa yule mwenzio.

Kula ushibe. Na nenda msalani hata kama huna haja.

Saa nayo ipangwe na sala. Hina mbichi ikiwa mkononi huwezi kutia udhu, ndiyo maana wengi huchagua siku zao za mwezi, au huanza baada ya Isha wakalala nayo. Ukipangiwa saa nane mchana, Alasiri itakukuta umenyoosha mikono. Mwambie mchoraji, naye akiwa mwenyeji wa kazi atakuwa ameshalipigia hesabu.

Tano: kukaa

Utakaa chini kwenye busati, mto mgongoni, mkono juu ya mto mwingine. Kaa vizuri tangu mwanzo, kwa sababu namna ulivyokaa dakika ya kwanza ndivyo utakavyokaa saa ya pili. Maua mepesi ya mikono miwili ni saa moja au zaidi. Mikono hadi viwiko na miguu hadi magotini ni nusu siku.

Koni haigusi ngozi. Mchoraji anaishika juu kidogo, anabana, uzi wa hina unatoka na kulala pale anapoupeleka. Ni baridi mwanzoni, na inatekenya kwenye kiganja na unyayo. Ukihisi mkono unataka kuruka, sema "ngoja" kabla haujaruka. Yeye atainua koni, utacheka, mtaendelea. Asichotaka ni kuvuta mkono kwa ghafla. Jani lililonyooshwa hadi kwenye kidole halirekebishiki, linafutwa kwa kijiti na kivuli chake kinabaki.

Mwombe aanze na mkono usioutumia sana. Miguu ikishatiwa hutembei, na mikono ikishatiwa hushiki. Ukiwa navyo vyote viwili wewe ni mtu wa kulishwa. Hapo ndipo mwenzio anapopata kazi: akunyweshe maji, akufukuzie nzi, akukune pua, akufunge ushungi ulioteleza. Pua itawasha. Haijawahi kukosa.

Mguu kufa ganzi ni kawaida, sema usogezwe. Kuwasha kidogo kwa ajili ya ndimu pia ni kawaida, na hupita. Kuungua si kawaida. Ukihisi moto, au ngozi ikianza kuvimba kando ya mstari, usiseme "acha amalize". Ioshwe hapo hapo kwa maji na sabuni, picha au hakuna picha.

Una haki pia ya kusema basi. Kama mlikubaliana viwiko, na yeye katikati ya raha ya kazi anapendekeza kupanda mabegani, jibu lako ni lile mliloandikiana.

Sita: kungoja

Hina ikianza kukauka hupasuka na kupukutika. Mchoraji ataigusagusa kwa pamba yenye ndimu na sukari, ili ikae na unyevu. Itakunata, na sisimizi watakujua. Iache saa nne kwa uchache, na ikiwezekana usiku kucha. Joto linaikoleza, kwa hiyo joto letu la kaskazi ni neema. Chumba chenye kiyoyozi kikali hutoa rangi iliyopauka, na hapo lawama huangukia unga bure.

Kuitoa, usioshe. Ikwangue kwa mgongo wa kisu au isugue kwa mafuta ya nazi hadi ipukutike. Maji yasiguse hadi kesho yake, ukiweza.

Sasa usishtuke: chini yake utakuta rangi ya machungwa, karibu ya karoti. Wengi wanaotiwa mara ya kwanza hununa hapa wakadhani wamepewa hina mbovu. Ngoja. Inaiva kwa siku moja hadi mbili, na viganja na nyayo huiva kuliko sehemu nyingine kwa kuwa ngozi yake ni nene.

Saba: picha, na kwa nini ni siku mbili

Mchoraji anayejua huomba picha mara mbili. Mara ya kwanza hina ikiwa bado mbichi, imeinuka juu ya ngozi, inang'aa. Hapo ndipo ufundi wa mkono unapoonekana. Mara ya pili baada ya siku mbili, rangi ikiwa imeiva. Hesabu siku zote mbili unapotaja malipo, kwani ya pili pia utapanda daladala.

Mwanga mzuri ni wa asubuhi, karibu na dirisha au barazani penye kivuli. Jua la mchana hupausha ngozi na kukoza vivuli hadi ua halisomeki. Mikono ilegeze; mtu asiyezoea kamera hukaza vidole vikawa kama uma. Shika kitu: chetezo, kikuba cha maua ya kunukia, ncha ya kanga. Kikono chenye kazi hupendeza kuliko kinachoonyeshwa tu.

Mkitoka nje, vichochoro vya Mji Mkongwe vina milango ya kuvutia, ila ni milango ya nyumba za watu. Gonga, salimu, omba. Na kwa picha za ufukweni nje ya eneo la hoteli, jisitiri kama unavyojisitiri mjini. Wanakijiji wanapita pale kwenda mwanini na kuvua.

Kabla hujaaga, tazama picha kwenye kamera. Ile usiyoitaka ifutwe mbele yako. Malipo upokee siku hiyo, na nakala zako siku hiyo.

Nane: wiki zinazofuata

Paka mafuta ya nazi kabla ya kuoga. Sabuni ya vyombo, maji ya bwawa la hoteli na kujisugua huichuja haraka. Hina itaondoka wiki moja hadi tatu, na haitaondoka kwa usawa: mgongo wa mkono utatangulia, kiganja kitafuata, utabaki na mabaka siku za mwisho. Kama una usaili wa kazi au safari, pigia hesabu hapo.

Kama ulitiwa piko licha ya yote, jiangalie kwa wiki mbili nzima. Mzio wake hauji siku ile. Mara nyingi ni siku ya pili au ya tatu, na kwa anayeipata mara ya kwanza huweza kuchelewa zaidi. Muwasho mkali, wekundu, uvimbe, malengelenge kwenye mistari: usitumbue, usipake dawa ya meno wala kitunguu, nenda hospitali. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usingoje asubuhi. Mwambie daktari ni piko, lini ulitiwa, na kama una picha ya boksi mwonyeshe. Ukitibiwa mapema kovu huwa dogo. Ukikaa nayo, ua linaweza kubaki kwenye ngozi kwa weupe au kwa uvimbe hata baada ya weusi kutoka.

Kisha uliweke jambo hilo kwenye kumbukumbu zako kama unavyoweka kundi lako la damu. Ukienda saluni kutia nywele rangi, au kwa daktari wa meno kabla ya sindano ya ganzi, waambie: piko ilinikataa.